Siku Tuliyogeuza Benchi

Kijiwe chetu kiko Minjila, pale barabara ya Lamu inapoachana na ya Garissa, na usipokijua utakipita tu, maana ni benchi moja la mbao mbele ya kibanda cha kahawa cha Zamzam. Lakini benchi lenyewe lina heshima zake. Tangu liwekwe linatazama barabara, na sisi tunaolikalia tunajua kila gari linalopita, linatoka wapi, dereva ni mtoto wa nani na kwa nini limechelewa. Abiria akitaka habari za mabasi hasumbuki kwenda ofisini, anatuuliza sisi. Yuko Mohdhar wa Kipini, tunamwita Redio kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Yuko Ngumbao, mkulima wa mahindi, hapa jina lake Wakili, ingawa mbele ya hakimu alisimama mara moja tu, naye ndiye aliyeshtakiwa, na kesi ilikuwa ya mbuzi. Yuko Josiah, aliyewahi kufanya kazi kwenye mifereji ya Bura, inayongoja maji hadi leo, akarudi na koleo na jina la Mhandisi. Mimi naziba pancha za pikipiki hapo kando, wananiita Tairi, na hata siku moja sijawashukuru. Na yuko mzee Ishaq, ambaye tunamwita Kesho.

Jina hilo alilipata kihalali. Bintiye Nuriya ameolewa Mombasa, na kila mwaka humwita babake akamtembelee. Kila mwaka Ishaq hujibu, "Kesho, inshallah," halafu hukaa benchini akanywa kahawa mpaka basi likaondoka. Safari hii mambo yalikuwa mengine. Nuriya alikuwa amejifungua mtoto wa kiume baada ya kungoja sana, akika ya kumpa jina ilikuwa imebakiza siku moja, na alikuwa amekula yamini kwamba mtoto hapewi jina mpaka babu afike alitaje mwenyewe. Kwa hivyo asubuhi ile Ishaq alikuja kijiweni na kanzu iliyopigwa pasi, mkoba, na kikapu cha maembe, akakaa kungoja basi la kutoka Lamu.

Wakili: Leo Kesho unakwenda kweli?

Kesho: Nakwenda. Basi likisimama tu, napanda.

Wakili: Vizuri. Maana wahenga walisema, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako.

Mhandisi: Leo umeipatia. Methali hiyo ni yake kabisa.

Wakili: Si yake hata kidogo. Huyu si mwana, ni mjukuu. Methali haimhusu, ana ruhusa ya kuchelewa.

Kesho: Wakili, niache nisafiri.

Redio: Mwache. Mimi basi hilo nalijua kwa honi. Likiwa lingali Gamba n'shalisikia. Nitakwambia, "Ishaq, inuka," nawe utainuka.

Hapo ndipo Zamzam alipotoka ndani amekumbatia kitu kimefungwa kwa gazeti. Ilikuwa picha ya ukutani. Dadake, Fatma, alikuwa amemtumia kutoka Mombasa ili kibanda nacho kionekane kibanda cha watu. Ndani hapakufaa, moshi wa kukaangia buni ungeimaliza kwa mwezi mmoja, kwa hivyo aligongomea msumari nje, kwenye ukuta ulio nyuma ya migongo yetu, chini ya ukingo wa mabati, akaitundika.

Tuligeuza shingo. Ilikuwa picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, imetiwa kioo kinachong'aa. Watoto watano, miguu mitupu na nguo zilizochanika, wamekaa mmoja nyuma ya mwingine juu ya gogo lililolala mchangani. Wa mbele ameshika mfuniko wa sufuria kama usukani. Wa katikati wameshikana viuno, macho yao mbali. Wa mwisho, mdogo kuliko wote, amegeuza uso anatazama nyuma. Chini palikuwa na maneno ya Kizungu, na Mhandisi alivaa miwani akatutafsiria.

Mhandisi: Wanasema ni watoto maskini wanaota safari.

Zamzam: Fatma anasema siku hizi huko Mombasa kila hoteli ina picha kama hii. Wageni wanapenda umaskini wa zamani.

Wakili: Waje basi wapige na wetu. Wa zamani wa nini, na huu ungali mbichi?

Zamzam: Kunyweni kahawa, wazee. Na muitazame vizuri, hiyo ni picha ya watu.

Kuitazama vizuri ilikuwa kazi. Shingo ziliuma. Wakili akasema binadamu hakuumbwa bundi, akasimama, nasi tukasimama, tukashika benchi kila mtu upande wake tukaligeuza likaelekea ukuta. Hata Kesho alishika mguu mmoja, kisha akauvuta mkoba wake karibu na kukaa. Hakuna aliyesema neno juu ya barabara. Zamzam alitumiminia, akaiacha dele ya kahawa chini karibu yetu, akarudi ndani kutwanga buni, na kinu chake kikianza huwezi kusikia hata dhamiri yako.

Redio: Hini picha ni ya Ozi, kule mtoni. Mchanga huo naujua.

Mhandisi: Mchanga una jina?

Redio: Wa Ozi una jina. Na hilo si gogo, ni mtumbwi ambao hawayauchonga. Baba yao amekwenda kutafuta tezo ya kuchongea, nao wameupanda kabla.

Mhandisi: Hapana. Hapo ni Bura. Hilo unaloliona gogo ni bomba la pampu, na huo si mfuniko, ni gurudumu la kufungulia maji. Mtoto wa mbele anafungulia mfereji. Wenzake wamemshika kiuno maji yasimchukue.

Wakili: Maji yako wapi?

Mhandisi: Hayajafika. Ni Bura, nimekwambia.

Kwa kweli hapo Mhandisi alitushika. Tulikunywa kidogo kwa heshima ya hoja hiyo.

Wakili: Mimi naona kesi. Gogo hili lina ugomvi. Baba amekufa, ameacha gogo, na ami zao wanalitaka. Hawa watoto wamelikalia lisichukuliwe. Usukani ni wa kuwadanganya ami, waonekane wanacheza.

Mimi: Na hizo nguo zilizochanika?

Wakili: Ndiyo gharama za kesi.

Mhandisi: Lakini maandishi yanasema wanaota safari.

Wakili: Basi wanasafiri salama kuliko sisi sote. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawa hawajasogea tangu picha ipigwe, na hakuna hata mmoja aliyejikwaa.

Nimemsikia Wakili akizitesa methali kwa miaka, na huwa sinyamazi. Safari hii nilinyamaza kwa sababu sikuona kosa lilipo.

Redio: Mimi nawajua waendako. Wanakwenda Jidda. Tazama mato yao, yameelekea kibula.

Mhandisi: Kibula gani? Kivuli kinaonyesha wameelekea kusini.

Redio: Wanazunguka. Ndia ya Jidda ina kona.

Wakili: Na huyo dereva mwenyewe sasa ni tajiri mahali. Ana mabasi ishirini. Lakini kila asubuhi anafungua sanduku, anautoa ule mfuniko, anaubusu, ndipo anakwenda kazini.

Mimi: Umemuona wapi?

Wakili: Kijana, ushahidi mwingine hauonekani kwa macho. Hapa tuko juu ya haki.

Redio: Na huyu mdogo wa mwisho? Mbona yeye atazama nyuma?

Swali hilo lilileta taabu. Mhandisi alisema ndiye utingo, anaangalia kama kuna abiria anakimbia. Wakili alisema ni shahidi, na shahidi hutazama upande wa tukio. Redio aliwatazama wote kwa huruma.

Redio: Nyinyi hamkulelewa? Mfuniko ule umetolewa yuu ya sufuria. Sufuria ina wali. Wali umebaki wazi, kuku wanakuya, na mama ametoka na mwiko. Huyo mdogo ndiye aliye karibu na mwiko kuliko wenziwe. Atazame wapi tena?

Tulicheka mpaka Mhandisi akavua miwani. Kesho hakucheka. Alikuwa ameikazia macho picha, kikombe kimepoa mkononi, na alipozungumza alizungumza polepole.

Kesho: Huyo hatazami mwiko.

Redio: Atazama nini, ndugu yangu?

Kesho: Anatazama kama nyumbani pako pale pale.

Mhandisi: Nyumbani pataenda wapi?

Kesho: Wewe ni Mpokomo wa mtoni, unaniuliza mimi? Sikilizeni. Kwetu ni Ozi. Nilipokuwa mdogo nilipelekwa Kipini kwa mjomba nikasome chuo cha Kurani. Mvua za mwaka ule zilikuwa kubwa. Niliporudi nilikuta mto umehama, umepita katikati ya nyumba zetu. Palipokuwa na mlango wa mama palikuwa na maji yanakwenda zake, na kuku mmoja juu ya paa.

Mimi: Na mama?

Kesho: Mzima. Alikuwa ng'ambo kwa shangazi, anapika. Nilimpata kabla ya magharibi, akanipa na chakula. Lakini ule mchana, kabla sijaambiwa, nilikaa ukingoni nikijua sina mama. Basi tangu siku ile nikishika mkoba, naliona lile paa na kuku wake. Mnaniita Kesho, mnadhani ni uvivu. Mimi naogopa. Nampenda Nuriya kuliko macho yangu, na naogopa kuondoka. Mzee mzima. Na sasa kuna mtoto kule hana jina, anangoja woga wangu uishe.

Nilimwonea huruma kiasi cha kutaka kumlipia kahawa, jambo ambalo kijiweni kwetu halifanywi ovyo. Wakili alitafuta methali, nikamuona anaitafuta, akaikosa. Ni Redio aliyepata la kusema, na alilisema kwa upole ambao sikujua anao.

Redio: Ishaq, nenda. Wallahi ukirudi utatukuta papa hapa. Mto uko mbali na hapa, na sisi hatuna pa kwenda. Benchi hili hakuna mwana wa mtu aliyewahi kulisogeza.

Aliyasema hayo juu ya benchi tuliloligeuza wenyewe dakika chache nyuma, pua zikiwa ukutani, na sisi sote tukaitikia kwa kichwa. Kesho naye aliitikia. Akanywa kahawa yake baridi, akapangusa kinywa, akauliza swali la kutupoza moyo.

Kesho: Na hao watoto basi lao ni lipi? Redio, wewe bingwa.

Redio: La Lamu, hakuna jingine. Huyo dereva mdogo honi yake lazima iwe ile iangukayo chini kisha ikapanda.

Mhandisi: Hebu tuisikie.

Redio aliweka kikombe chini, akashika mashavu yake kwa mikono miwili, akafumba macho, akapiga honi kwa mdomo, ndefu na ya kupanda, puuu-pi-pi-puuu. Ilikuwa nzuri kupita kiasi. Alipomaliza tu ikasikika nyingine vile vile, nzito zaidi, puuu-pi-pi-puuu, benchi likatetemeka chini yetu, na ndani ya kioo cha picha kitu kikubwa cheusi kikapita juu ya nyuso za wale watoto, kikaanzia kwa dereva, kikaishia kwa yule mdogo, kikatoweka. Ndani kinu kiliendelea kutwanga.

Mhandisi: Umelia mara mbili.

Redio: Mimi nimelia mara moya.

Wakili: Basi ya pili kalia nani?

Tulimtazama mtoto mwenye mfuniko. Yeye hakutusaidia.

Mimi: Mmekiona kile kilichopita?

Wakili: Nimekiona. Picha hii ina mwenyewe, jini wake. Niliijua tangu inafunguliwa gazeti.

Mhandisi: Hakuna cha mwenyewe. Ni mabati. Mabati yakishika joto hutanuka, yakitanuka hulia.

Wakili: Kwa sauti ya basi?

Mhandisi: Inategemea mabati.

Redio: Mwaona sasa. Nimeipiga honi sawasawa mpaka wameitikia. Basi lao limeondoka.

Kesho: Na mimi yule wa nyuma nimemuona amefumba macho.

Wakili: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Hili kwa maoni yangu lilikuja, na limeshakwenda.

Ilikuwa mara ya kwanza Wakili kuiweka methali mahali pake, na hakuna aliyegundua, yeye mwenyewe akiwa wa kwanza. Tuliendelea. Mhandisi alisimama akagusa mabati kupima joto. Redio alitaka kupiga honi tena ili tuone kama watarudi, tukamkataza, maana kurudi ni jambo jingine. Wakili alipendekeza picha isomewe kwanza ndipo itundikwe. Mwishowe koo zikakauka, Redio akainua dele amimine, ikatoka masimbi matupu ya kahawa.

Kinu kilinyamaza. Nyuma yetu pikipiki ilisimama, ikashusha mtu, ikaondoka. Sauti ya mwanamke ikatusalimu.

— Shikamooni, wazee.

Tulipinda shingo. Alikuwa msichana wa watu, mwenye buibui na sanduku la magurudumu lililojaa vumbi, jasho linamtoka. Tuliitikia marahaba.

— Nimetoka Garsen mjini. Pale wameniambia nisihangaike, niwaulize wazee wa benchi la Minjila, ndio wanaojua. Basi la Lamu la kwenda Mombasa limeshapita?

Wakili alikitazama kikombe chake.

Ni swali dogo. Kwa miaka yote tumelijibu tukiwa tunatafuna, tumelijibu tukiwa tumesinzia. Mhandisi alimtazama Wakili. Wakili alimtazama Redio. Redio alifungua mdomo, akaufunga, na hilo nalo lilikuwa la kwanza. Tuligeuka kuiangalia barabara, isipokuwa Kesho. Vumbi la bega la lami lilikuwa linashuka taratibu, na mbali upande wa Malindi hapakuwa na kitu.

Redio: Labda lilikuwa lori la ng'ombe.

Mhandisi: Malori ya ng'ombe nayo hupiga honi.

Wakili: Hupiga sana.

Zamzam alikuwa ametoka, mchi ungali mkononi. Alitutazama, akalitazama benchi, akauangalia ukuta.

Zamzam: Wanaume wanne na mzee wao. Mmekaa hapa tangu asubuhi kazi yenu ni kutazama barabara. Hamjui kama basi limepita?

Wakili: Tulikuwa na kesi nyingine.

Msichana alisimama na sanduku lake, hajui amuamini nani. Sisi tulikuwa tunamtazama Kesho. Alikuwa bado ameuelekea ukuta, anamtazama yule mtoto wa mwisho, na tulijua neno litakalomtoka. Wakili alikuwa tayari kumsaidia kulisema. Mimi nilihisi vibaya moyoni, nikamfikiria Nuriya amekaa na mtoto mapajani, kila gari likisimama anachungulia dirishani.

Kesho alisimama. Alikung'uta kanzu, akachukua mkoba.

Kesho: Kama lililopita ni lori, basi liko njiani. Kama lililopita ni basi, nitapanda lolote linalofuata, hata likiwa limepakia mbuzi. Lakini nakwenda leo.

Redio: Umesemaje?

Kesho: Leo. Hujawahi kulisikia neno hilo?

Redio: Kwako wewe, sijawahi. Basi tutajie ina la mtoto, tusije tukapitwa na hilo nalo.

Kesho: Mwenye jina hajalisikia, wewe nani?

Alimwambia msichana, "Twende mwanangu, tukangojee barabarani, hawa watatupoteza," wakaenda. Alikaa juu ya mkoba wake ukingoni mwa lami, msichana akakaa nyuma yake juu ya sanduku, wote wameelekea upande wa Gamba, na ukiwatazama kwa mgongo walipungukiwa na mfuniko tu. Nasi bila kuambiana tulinyanyua benchi, tukaligeuza likarudi lilivyokuwa, tukakaa. Nilikuwa nangoja kuona kama atageuka nyuma. Nilitamani sana asigeuke.

Aligeuka mara moja, kwa hasira.

Kesho: Tairi, maembe yangu!

Kikapu kilikuwa chini ya miguu ya Wakili, na Wakili alikuwa anatafuna. Nilikinyakua nikakimbia nacho. Kesho alihesabu kwa macho, akamkazia Wakili jicho, kisha akaielekea tena barabara, na baada ya hapo hakugeuka.

Nilirudi nikakaa. Kahawa ilikuwa imekwisha na hakuna aliyeondoka. Tulikaa hivyo tukiitazama barabara kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana Minjila. Halafu kwa mbali, upande wa Gamba, honi ikalia. Redio akavuta pumzi atangaze.

Zamzam: Nyamaza wewe. Leo tazama kwanza.